Pua ya Msimamizi

Msimamizi wetu wa godauni la chai hakuwa akinywa chai. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu wa Changamwe hulikumbuka wakimtaja, na ndilo rahisi kulisema. Asubuhi alikunywa kahawa ya tangawizi, tena nje ya geti, amesimama kando ya ukuta na kikombe kidogo mkononi, kisha akasukutua mdomo ndipo akaingia. Ukimuuliza kwa nini hanywi chai naye yu juu ya milima ya chai, alikujibu, "Muuza samaki ushamuona akila samaki?" Mamangu ni muuza samaki, na samaki yuala kila siku ya Mungu. Lakini sikumbishia. Mwaka ule mzima nilinyamazia mengi, na baadhi yake hadi leo yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki changu.

Jina lake sitalitaja. Kuanzia bawabu hadi meneja, wote walimwita Msimamizi. Mimi nilimwita mama, kama tunavyomwita huku pwani mwanamke yeyote wa rika lile. Yeye aliniita Mwanafunzi. Nilikuwa chuo, nasomea mambo ya ugavi, na chuo chetu hakimpi mtu cheti mpaka akae kazini mwaka mzima aone mizigo inavyotoka huku ikifika kule. Wenzangu walipata maofisi yenye viyoyozi. Mimi nikapewa godauni, joto, na yule mama.

Siku ya kwanza nilitoka kwetu Utange kungali na giza, nimevaa sketi yangu nzuri na blauzi niliyoipiga pasi mara mbili. Yeye alikuwa mlangoni, mrefu, mtandio umemzunguka uso sawasawa, kidevu juu. Sijamfikia, akainua mkono.

"Simama papo hapo."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe walala na papa?"

Makuli waliokuwa wakishusha magunia wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Kwetu ni nyumba ya vyumba viwili, na kimoja ndicho stoo ya mamangu ya papa na ng'onda, samaki wa kukausha. Nikamwambia hivyo.

"Si aibu," akasema. "Papa ni riziki. Lakini hii chai haijui riziki ya mtu, hunyonya kila kilicho karibu nayo. Nenda nyumbani ukaoge na ndimu. Kesho uje na nguo ambazo hazijalala chumba kimoja na samaki."

Nilirudi nikilia njia nzima. Mamangu alipopata habari alishika kiuno. "Mwambie huyo Mswahili wako kwamba papa wangu amesomesha watoto, na wewe u mmoja wao!" Hata hivyo jioni ileile alininunulia ndoo yenye mfuniko, nikawa natilia nguo zangu za kazi ndani na kuilaza ndoo kwa jirani. Kesho yake Msimamizi alinizunguka mara moja, akanusa bega, akanusa nywele, akasema, "Ingia."

Mtu asiyewahi kufanya kazi ya chai atadhani yule mama alikuwa na wazimu. Hatukuruhusiwa marashi, wala udi, wala asmini kichwani. Mafuta ya nazi, hapana. Chungwa lilimenywa nje ya geti. Dereva mmoja alikuja na viatu vipya vya ngozi, akaambiwa avivue, akazunguka godauni pekupeku akilaani kwa Kikuyu. Karani wetu alirudi kutoka fungate bado marashi ya halud yamemganda shingoni, akapelekwa kuhesabu paleti za nje wiki nzima. "Mpaka ndoa ikutoke," Msimamizi akamwambia, na bibi harusi wa watu akawa mweusi kwa jua akiwa bado na hina mikononi.

Alikuwa na semi zake. Chai, alisema, ni kama mke mwenza, husikia hata lisilosemwa. Na akiona mtu anajaribu kuficha uchafu kwa maneno, alisema ile ya wazee, la kuvunda halina ubani. Aliisema sana hiyo. Nikiikumbuka sasa namuonea huruma, maana naona mara nyingine alikuwa akijiambia mwenyewe.

Lakini kilichomfanya atajwe hadi bandarini ni kule kunusa makontena. Chai ikishapangwa iende ng'ambo, kontena tupu huletwa getini kwanza, na hujui safari iliyopita lilibeba nini. Huenda ni ngozi mbichi, huenda ni vitunguu au sabuni. Huoshwa, ndiyo, lakini mbao za chini zina kumbukumbu kuliko mkopeshaji. Basi ni lazima mtu aingie ndani, milango ifungwe nyuma yake, asimame katika lile giza na lile joto avute pumzi polepole, kwa sababu mlango ukiwa wazi upepo hukudanganya. Wengine huchungulia tu wakasaini. Yeye aliingia mpaka mwisho. Tulikaa nje tukisubiri kofi lake kwenye bati, kisha milango ikafunguliwa, akatoka jasho linamchuruzika, na neno lilikuwa moja kati ya mawili: "Pakieni," au "Rudisha."

Alikwisha kusema "Rudisha" mara moja, dereva kijana wa bara akaja juu. "Mathe, hii si ilioshwa jana! Cheki risiti!"

"Na mbwa akilamba chombo chaoshwa mara saba," akamjibu, "na bado moyo wangu haukitaki. Rudisha, mwanangu, usinichoshe."

Nilimpenda siku ile. Ndivyo ninavyotaka kuwa, nilijiambia, mwanamke wa neno moja.

Basi na huyu huyu, Jumamosi ikifika adhuhuri na godauni likafungwa, alikuwa mtu mwingine. Kibandani kwa bawabu, nje ya geti, aliacha mfuko wake mweusi. Humo mlikuwa na vichupa vya marashi. Alijipaka nyuma ya masikio, kwenye vifundo vya mikono, akapitisha kidogo kwenye buibui, na bawabu mzee wa watu akageuza uso kwa adabu huku akitabasamu. Alinialika mara moja harusini kwao Timbwani, kule Likoni, kwa mpwa wake. Wallahi, kama anavyosema mwenyewe, nilimnusa kabla sijamuona. Udi, halud, maua ya vilua kifuani, yote pamoja. Aliniona nimetoa macho, akacheka. "Kule mimi bawabu wa chai," akasema. "Hapa mimi mwanamke." Jumapili jioni alioga kwa ndimu na magadi mpaka ngozi ikawaka, Jumatatu akaja hanuki kitu, si chake si cha mtu. Alipokuwa akinihadithia hayo alikuwa kama mtu anayeeleza swaumu.

Hapo ndipo kisa changu kinapoanza, maana mpaka hapo nilikuwa sijui kitu.

Mafua yalipita mji mzima miezi michache baada ya mimi kufika. Sote tuliumwa. Sote tulipona, naye akarudi kazini na kidevu chake juu. Siku moja akaniambia, kwa ile "ndoo" yao ya Kimvita iliyo "njoo", "Mwanafunzi, ndoo ndani ujifunze." Tukaingia kontena pamoja, milango ikafungwa. Sijavuta hata pumzi ya pili, harufu ikanipiga. Ngozi. Ngozi mbichi yenye chumvi, ya kukutapisha. Nilingoja aseme. Nikamsikia akivuta pumzi ndefu, tena kwa utulivu, kisha akasema, "Safi. Gonga mlango."

"Mama," nikasema, "linanuka ngozi."

Giza lile, hatuonani. Nikasikia tu pumzi yake, akivuta haraka haraka sasa, mara moja, mara ya pili, ya tatu, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni na anajua haumo.

"Sema tena."

"Ngozi, mama. Kali."

Akagonga bati kwa kofi. Milango ilipofunguliwa alitoka mbele yangu, mgongo umenyooka. "Rudisha! Mwaniletea machinjio hapa?" Makuli wakacheka, dereva akanung'unika, mambo yakaenda kama kawaida. Akanitazama mara moja tu. Macho yale sijayasahau, na sidhani nitayasahau.

Baada ya sala ya alasiri aliniita kando ya tangi la maji. Hakuzunguka. Pua ilikufa na yale mafua, haijarudi. Alikwenda kwa daktari, akaambiwa asubiri. Amesubiri. Kustaafu kwake hakuko mbali, na kutoka kwa heshima ni kitu alichokuwa ameomba kwa Mungu tangu aingie pale akiwa msichana. "Mficha maradhi kilio humuumbua," akasema. "Nalijua hilo, usinisomee. Lakini wataka niwaambie nini? Kwamba mimi sasa ni kama lile bati?"

Nilikuwa na umri gani mimi wa kumshauri mtu kama yule? Nikasema, "Nitafanya nini, mama?"

Kuta za kontena hupitisha sauti, na makuli husikiliza kila kitu. Basi akasema tutatumia mkono. Tukiwa ndani nitamshika, nimbane mara moja kama ni safi, mara mbili kama si safi, yeye atagonga na kutoka na kusema neno lake. "Na usinionee haya," akaniambia. "Ukinidanganya kwa huruma utaniua."

Ndivyo tulivyofanya mpaka mwaka wangu ukaisha. Watu walisema, mtazameni Msimamizi anavyomfundisha yule binti, hamwachi hatua. Mwalimu wangu wa chuo aliyekuja kunikagua alinisifu mbele yake, naye akasema, "Huyu ana pua," nikaona aibu mpaka visigino. Mkono wake ulikuwa mkubwa, mkavu, na mle ndani ulishika wangu kama wa mtu anayevuka barabara. Akitoka nje aliuachilia mkono wangu, mlango ukiwa bado haujafunguka vizuri, akajifuta jasho, akawa yeye tena.

Nisifiche, nilijivuna. Msichana wa Utange, binti wa muuza papa, aliyefukuzwa siku ya kwanza kwa kunuka, ndiye aliyekuwa akiamua kimyakimya chai ipande au isipande. Nilipofika nyumbani nilimwambia mamangu kila kitu isipokuwa hilo.

Kisha kukawa na Jumatatu moja. Nilimsikia harufu kutoka getini. Udi ulimjaa mwili mzima, nguo, nywele, hata viatu. Jana yake alijifukiza, hakusikia kitu, akaongeza, hakusikia, akaongeza tena, na asubuhi hakujua kwamba ndimu haikutosha. Makuli walikuwa hawajafika. Nilimshika mkono pale pale nje, nikambana mara mbili. Akasimama. Akajitazama chini, buibui lake, mikono yake, kama mtoto aliyejikojolea. Tulikwenda kwenye bomba la nyuma, nikamkamulia ndimu za karani, nikamwazima leso yangu kutoka kwenye ndoo yangu, ile iliyolala kwa jirani. Alikuwa akioga, mimi nikimshikia leso iwe pazia, akawa anacheka. "Basi mtoto wa papa ndiye aninushao mimi!" Alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilicheka naye kisha nikaenda chooni nikalia.

Na bado alikuwa mkali. Msinione nampaka mafuta. Mwezi uleule alimfukuza karani mmoja wa kiume kwa kosa la kusaini kontena alilochungulia tu mlangoni. Alimwita mwongo mbele ya watu wote. Nilisimama nyuma yake nikatazama sakafu, kwa sababu sikuweza kumtazama yule kijana wala sikuweza kumtazama yeye. Jioni ile tukiagana akaniambia, "Sikukosea." Nikasema, "Ndiyo, mama." Akasema tena, "Sikukosea," nami nikaitikia tena.

Upande wa pili alikuwa mtu wa kutoa. Tulipozoeana, alianza kuagiza papa kwake kila mwisho wa mwezi, lakini mzigo usipite Changamwe, upelekwe moja kwa moja kwao Likoni na mtu wa boda. Mamangu alikuwa akimchagulia vipande vya mgongo. "Mswahili wako hajambo?" akawa ananiuliza kila nikiingia mlangoni. Hawajapata kuonana wale wawili, lakini walikuwa wakitumiana salamu na papa na mabumunda kama mawifi.

Jambo moja zaidi kumhusu, kisha niseme lililo zito. Siku chache kabla ya Ramadhani, yule mama aliyetutetemesha mwaka mzima alizunguka godauni kwa miguu, mtu kwa mtu. Kwa makuli, kwa madereva, kwa karani aliyechomwa na jua, kwa Waislamu na kwetu Wakristo. Kila mmoja alimshika mkono akamwambia, "Tuwiane radhi. Nililokukosea nisamehe." Alipofika kwangu mimi nilicheka kwa haya, nikajibu kama wanavyojibu vijana, "Ah, mama, hakuna shida."

Akauvuta mkono wangu. "Radhi haijibiwi hakuna shida. Hiyo ni ya mtu aliyekanyagwa guu sokoni. Shida ikiwako, sema. Kama haiko, sema nimekuwia radhi. Mtu akikwambia hakuna shida, jua bado iko, ameifungia ndani."

"Nimekuwia radhi, mama."

"Nami nimekuwia."

Sasa lile zito. Mwaka wangu ulipokaribia kuisha, afisa wa wafanyakazi aliniita ofisini. Msimamizi alikuwa ameketi pale, mikono mapajani. Afisa akasema kazi yangu imewapendeza, na kama chuo kinaruhusu, wangependa nibaki miezi michache zaidi. Najua kwamba Msimamizi ndiye aliyemtia neno. Hakunitazama. Alikuwa akitazama dirishani, magari yakipita, lakini niliona kidole gumba chake kinavyosugua kifundo cha mkono, pale alipokuwa akipaka marashi.

Chuo kingeruhusu. Mwalimu wangu alikuwa ameniambia hivyo kwa kinywa chake. Mimi nikasema, "Masomo yanaanza, haitawezekana."

Msimamizi akasema, "Mwacheni mtoto akasome."

Mtu akinihukumu kwa uongo ule ataniona nimekosa kidogo, na mimi mwenyewe hivyo ndivyo nilivyojitetea. Kinachonichoma ni furaha. Nilitoka pale nimejaa furaha! Nilikuwa nimechoka kushikilia kazi ya mtu mzima kwa mkono wangu, nimechoka kuamka usingizini nikijiuliza kama kontena la jana lilikuwa safi kweli ama nilikuwa na mafua. Nilitembea kuelekea steji ya matatu kama mtu aliyetua mtungi. Nikajinunulia madafu, nikayanywa nikitabasamu peke yangu.

Na kuna hili pia. Mwenzangu wa darasa, kijana mwema, alikuwa anatafuta pahali pa kufanyia mwaka wake, akaniomba nimpigie debe. Nikampigia. Godauni likamchukua, akachukua nafasi yangu ileile. Nilidhani nimefanya wema. Msimamizi ana mwanafunzi mpya, nikasema, mkono ni mkono, atamfundisha huyu kama alivyonifundisha mimi.

Mkono ni mkono! Mimi mzaliwa wa pwani nilisema hivyo. Mwanamke wa Kiislamu wa umri wake, mjane, mwenye jina Timbwani nzima, angejifungia gizani na kijana wa kiume amshike mkono? Makuli wangesema nini, na yeye mwenyewe angemwambia nini Mola wake? Hata kumwomba yule kijana asingeweza, acha kumshika. Nalijua hilo. Sina haja ya kufundishwa. Siku niliyompigia debe nililijua pia, lilinipitia kichwani kama nzi, nikalipungia mkono likaenda.

Basi aliingia peke yake. Kijana alinihadithia baadaye, naye hajui anachohadithia. Alisema Msimamizi alikuwa akikaa ndani muda mrefu sana, mpaka wao nje wakaogopa. Mara nyingine alimwambia yeye aingie kwanza, aje aseme anachosikia, lakini kijana mwenyewe ni mvutaji wa sigara, pua yake na kisigino ni sawa. Akawa anasema "Rudisha" kwa makontena mengi, mazuri na mabaya, kwa hofu, mpaka meneja akalalamika kwamba anachelewesha meli. Akaonywa. Kontena lililofuata akasema "Pakieni."

Lilikuwa limebeba ngozi. Chai ilifika ng'ambo inanuka machinjio, mzigo wote ukakataliwa. Wakati huo mimi nilikuwa darasani nikifundishwa njia za kuzuia hasara katika ugavi. Godauni halikumfukuza kwa kelele. Walimwambia umri umekwenda, apumzike, na ilikuwa kabla ya siku yake. Hakuagwa kwa sherehe. Bawabu alimkabidhi mfuko wake mweusi wa vichupa, akaondoka.

Niliposikia, nilimweleza mamangu kila kitu, na lile la mkono pia. Alikuwa akipanga papa. Alisema, "Hukumuua mtu. Kila mtu na pua yake." Kisha akasema, "Lakini ungekwenda kumuona." Sikwenda. Nilimaliza chuo, nikapata kazi godauni jingine la chai hukohuko Changamwe, na kazi niliyoajiriwa kuifanya ni kunusa. Kila nikisimama gizani mkono wangu wa kushoto hujifunga na kufunguka wenyewe. Mwaka ukapita nikijiambia nitakwenda Jumapili.

Mwaka huu, Ramadhani ikiwa mlangoni, nilivuka feri kwenda Likoni na mfuko wa papa wa mgongo, tende na sukari. Nilikuwa nimelikariri neno langu njia nzima. Nyumba yao ni ileile ya harusini, sasa anakaa na mpwa wake ambaye mchana huwa kazini. Nilipiga hodi.

"Karibu! Nani?"

"Mwanafunzi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ndoo ndani, wasimama nde una nini?"

Alikuwa amepungua mwili, lakini mtandio ulikuwa umefungwa sawasawa, na kidevu kiko palepale. Aliupokea mfuko, akauinua puani kwa mazoea, kisha akaushusha. "Papa?" akauliza. "Papa," nikasema. Akaniuliza hali ya mamangu, akaniuliza kazi, nikajibu nikitazama mkeka. Nikaanza, "Mama, nimekuja ili—"

"Kula kwanza. Mgeni haleti maneno kwenye tumbo tupu."

Akaniletea mahamri na bakuli la mbaazi za nazi. Akaketi mbele yangu, akanitazama. Nilimega, nikachovya, nikatia mdomoni. Zilikuwa zimechacha. Tui lilikuwa limeharibika, lina ule ukali unaopanda mpaka masikioni. Na mimi ni mtoto wa pwani, najua adabu, chakula cha mtu hakitolewi kasoro nyumbani kwake, hasa ukiwa umekuja kuomba. Nikameza. Nikamega tena.

Ndipo akaunyosha mkono wake juu ya mkeka, kiganja juu.

Nilijua anachouliza. Nilitazama ule mkono, mkubwa, mkavu, nikafikiria aliyoniambia kando ya tangi la maji. Nikaushika, nikambana mara mbili.

Hakuuondoa mkono mara moja. "Tangu lini?"

"Jana, pengine, mama. Joto."

"Mpwa wangu kala asubuhi, akasema tamu. Jirani kaja, kala, kaomba aongezwe." Akalichukua bakuli, akatoka nalo nyuma, nikasikia kuku wakikimbilia. Aliporudi alikuwa amekunja uso, si kwa hasira. "Wote wanihurumia. Nyumba nzima yaninuka au hainuki, sijui. Wageni wote watabasamu tu."

Akaketi karibu nami, karibu sana, akavuta mtandio pembeni kidogo kama anavyofanya mwanamke kwa daktari. "Haya. Ninuse mimi. Kweli ya kontena."

Niliinama shingoni mwake. Sabuni ya mche. Mafuta ya nazi. Moshi wa jikoni kidogo, na halud, kidogo tu, mahali pake. Alikuwa safi. Nilikuwa nimeogopa sana nitakachokuta, nikakuta ni safi, na machozi yakanitoka. Nikambana mkono mara moja.

Akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi," akasema. "Nilikuwa nikiongea na watu kwa mbali."

Tulikaa hivyo, mkono kwa mkono, mpaka mpwa wake akaingia kutoka kazini na ikawa jioni ya kuvuka. Alinisindikiza mlangoni. Neno langu bado nilikuwa nalo, nikaona nikiondoka nalo tena nitakufa nalo.

"Mama, niwie radhi. Wangeniruhusu nibaki. Nami nalijua kijana hangeweza. Nilijua."

Alinitazama. Mpwa wake alikuwa nyuma yake, anasikia. Akatabasamu, lile tabasamu zuri la kumuagia mgeni.

"Hakuna shida, mwanangu," akasema.

Na mkono wake, uliokuwa bado umeshika wangu, ukanibana mara mbili.

Nilisimama pale, siwezi kwenda wala kurudi. Yeye akaniachilia, akaniwekea sawa mtandio wa mabegani, akanigeuza kwa upole nitazame njia.

"Ndoo Ijumaa," akasema. "Uje uninuse."